Fomu ya baba mdogo na kundi O

Juma lile baba mdogo alikuja maabara mara mbili. Mara ya kwanza alikuja na binti yake, mdogo wangu, aliyekuwa amepangiwa kidato cha tano katika shule ya bweni mbali na Tanga. Walikuwa na ile fomu ya shule inayotaka ijazwe macho, kifua, mkojo na kundi la damu. Nilimtoboa mdogo wangu kidole mwenyewe, nikapima, nikaandika O chanya, mhuri ukagongwa, wakaenda zao kununua tranka.

Mara ya pili alikuja peke yake. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka foleni ikaisha, ndipo akasogea dirishani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Ile fomu ya jana, una hakika nayo?"

"Ninayo hakika. Kuna tatizo?"

"Umeandika O." Alitoa kadi mbili mfukoni, akaziweka juu ya kaunta pole pole, kama mtu anayeweka vielelezo mbele ya hakimu. "Hii ni kadi yangu ya kuchangia damu. Mimi ni A. Hii ni kadi ya kliniki ya mama yako mdogo, ya mimba ya huyuhuyu. Yeye ni B. Sasa O imetoka wapi?"

Swali lenyewe hasa hakulisema. Lilikaa pale kati yetu, na mimi niliyeinuliwa na mikono ya mama mdogo nililisikia vizuri kuliko kama angelitamka. Wazee wetu walisema kitanda hakizai haramu, na kila nikikua naona walijua walichokuwa wakikifanya: waliona swali hili linapeleka wapi nyumba za watu, wakalifungia mlango. Baba mdogo alikuwa ameufungua kwa fomu ya shule.

Si yeye peke yake. Katika miaka yangu dirishani nimeulizwa swali hili na wanaume wengi, wengine wakinong'ona, wengine wakipiga meza. Imani iliyoenea ni kwamba mtoto lazima achukue kundi la baba au la mama, na asipochukua basi kuna wa tatu. Imani hiyo si kweli, na imevunja ndoa ninazozijua. Ndiyo maana naandika.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Unadondosha matone matatu ya damu kwenye kigae cheupe. La kwanza unalitilia dawa ya anti-A, ambayo ni ya bluu, la pili anti-B, ya njano, la tatu anti-D, isiyo na rangi. Unachanganya kwa kijiti, unakiinamisha kigae huku na huku, unasubiri dakika mbili. Palipo na kile dawa inachokitafuta, damu inakatika vipunjevipunje kama maziwa yaliyochacha. Pasipo nacho inabaki laini. Ya mdogo wangu ilibaki laini kwenye bluu, laini kwenye njano, ikakatika kwenye la tatu. Hiyo ndiyo O chanya: O kwa matone mawili ya kwanza, na chanya, yaani Rh chanya, kwa la tatu.

Karl Landsteiner, aliyeligundua jambo hili kule Vienna na kulichapisha mwaka 1901, hakuwa na dawa za rangi. Alichukua damu yake na ya wenzake wa maabara, akachanganya chembe nyekundu za huyu na majimaji ya damu ya yule, akaangalia zipi zinagandana. Aliona makundi matatu. La nne, AB, likaonekana mwaka uliofuata. Lakini makundi hayo yanarithiwaje? Hilo lilichukua miaka zaidi ya ishirini, na aliyelimaliza hakuwa daktari. Felix Bernstein alikuwa mwanahisabati wa Göttingen. Mwaka 1924 alichukua hesabu za makundi ya damu zilizokusanywa na wengine katika mataifa mbalimbali, akaonyesha kwamba maelezo yaliyokuwa yakikubalika hayalingani na idadi ya watu wa AB wanaoonekana. Akasema jeni, yaani maagizo tunayorithi, ni moja, ila ina sura tatu: A, B na O. Kila mtu anabeba nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. A na B zikiwapo hujionyesha. O hukaa kimya.

Katika ukimya huo wa O ndimo baba mdogo alimopotelea. Mtu wa kundi A anaweza kuwa amebeba A mbili, au A moja na O moja, na kigae changu hakioni tofauti. Nikageuza karatasi ya majibu nikamchorea mraba wa vyumba vinne. Juu nikaandika yeye, A na O. Pembeni mama mdogo, B na O. Chumba cha kwanza AB, cha pili B, cha tatu A, cha nne O.

Alikitazama kile chumba cha nne muda mrefu.

"Kwa hiyo mimi na mama yako tunaweza kuzaa watoto wa makundi yote manne?"

"Yote manne, baba. Na mwanao kuwa O kumetuonyesha kitu ambacho kadi zenu hazikuwahi kusema: kila mmoja wenu amebeba O tangu azaliwe bila kujua."

Leo tunajua hata O yenyewe ni nini. Mwaka 1990 Fumi-ichiro Yamamoto na wenzake waliisoma jeni hii, iliyoko kwenye kromosomu ya 9, na sehemu yake inayotengeneza kimeng'enya ina herufi elfu moja na kitu. A na B zinatofautiana kwa herufi chache tu. O iliyozoeleka ni A iliyodondosha herufi moja. Herufi ile ikikosekana, sentensi yote inayofuata inasomeka ovyo, na kimeng'enya kinachotakiwa kupachika sukari juu ya chembe nyekundu hakitengenezwi. Ni upungufu wa herufi moja, na baba alitaka kuufanya ushahidi dhidi ya mkewe.

Kuna mahali ambapo kundi la damu linasema hapana, na nisifiche. Mzazi wa O kwa kawaida hazai mtoto wa AB. Mzazi wa AB hazai O. Wazazi wawili wa O hawazai A wala B. Hapana hiyo ilisikika hadi mahakamani. Mwaka 1943 mwigizaji kijana Joan Barry alimshtaki nyota wa sinema Charlie Chaplin kuwa ndiye baba wa mtoto wake. Damu zikapimwa: mama A, mtoto B, Chaplin O. B ile lazima itoke kwa baba, na Chaplin hakuwa nayo ya kutoa. Madaktari walisema si wake. Lakini sheria ya California wakati huo haikulifanya jibu la damu kuwa neno la mwisho. Baraza la kwanza la wananchi waliokaa kuamua kesi halikuafikiana. La pili, Aprili 1945, likasema ni baba, na akaamriwa kulipa dola 75 kwa wiki mpaka mtoto afikishe miaka 21. Mwaka 1953 California ikabadilisha sheria yake.

Neno "ndiyo", hata hivyo, kundi la damu haliwezi kulisema. Huku kwetu karibu nusu ya watu ni O. Mtoto akiwa O na mwanamume akiwa O, tumejua nini? Karibu nusu ya wanaume wa Ngamiani sokoni wangeweza kusema vilevile.

Hata ile hapana nimejifunza kuiogopa. Mwaka 1952 kule Bombay madaktari walieleza watu ambao kigae kinawasoma kama O ilhali ndani wamebeba A au B. Wanakosa kile kitako ambacho sukari ya A au B inapachikwa juu yake, kwa hiyo jeni ipo, kazi yake haionekani. Mtu kama huyo anaweza kuzaa mtoto wa AB na akaonekana ameibiwa. Ni watu wachache sana duniani. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni cha aibu: makosa ya mikono yetu. Chupa mbili zikabadilishana lebo, au kadi ikanakiliwa kwa haraka. Nimewahi kushika kadi ya kliniki iliyoandikwa B, mwenyewe akiwa O, na nilimpima mara tatu, siku mbili tofauti, kabla sijathubutu kuifuta. Ile B ilikuwa imekaa pale miaka minane.

Nilipokuwa chuoni, mkufunzi mmoja alitupa kazi ya nyumbani: kila mmoja aje na makundi ya damu ya wazazi wake, tuchore miraba ubaoni. Asubuhi ile tulicheka tukichora. Ikafika zamu ya mwenzetu mmoja, akasimama, akaitazama karatasi yake, akaikunja mara mbili akaketi. Hakusema neno na hakuna aliyemuuliza. Sijui kilichokuwa kimeandikwa mle. Inawezekana kabisa kilikuwa kosa la lebo, kama lile la B yangu. Kazi ile haikupaswa kutolewa kwa mtu yeyote, na mimi nikifundisha wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo siitoi.

Ukitaka kuona hapana ya damu ikikosewa inaweza kugharimu nini, tazama Urusi. Kutoka mwisho wa miaka ya 1970 mtu mmoja alikuwa akiua wanawake na watoto huko Rostov. Septemba 1984 polisi walimkamata Andrei Chikatilo akiwa na kisu na kamba. Kilichobaki kilikuwa kulinganisha. Watu wengi, wanne kati ya watano hivi, hutoa alama za kundi lao hata kwenye mate na manii, kwa hiyo maabara zilikuwa zikipima manii kama zinavyopima damu. Manii yaliyokutwa kwenye miili yakasomwa AB. Damu ya Chikatilo ikasomwa A. Akaachiwa. Watu wengine wengi wakafa mpaka alipokamatwa tena Novemba 1990, na mahakama ikamtia hatiani kwa mauaji ya watu 52. Ilidaiwa kwamba ni mtu wa ajabu ambaye damu yake na manii yake havilingani. Lakini jeni za mtu ni zilezile mwili mzima. Kinachoelekea zaidi kuwa kweli ni kwamba kipimo kilikosewa. Mtu wa maabara kama mimi akisoma habari hii hailali vizuri tumboni.

Kundi la damu liliingia kwenye jinai mapema. Leone Lattes wa Turin alipata mwaka 1915 njia ya kupima doa lililokauka, na moja ya kazi zake za mwanzo, mnisamehe nikirudi kulekule, ilikuwa shati la mume mwenye madoa ya damu ambaye mkewe alimtilia shaka. Kwa miaka sabini baadaye polisi duniani walitegemea makundi haya kupunguza orodha ya washukiwa. Mwisho wa enzi hiyo ulikuja Leicestershire, Uingereza. Wasichana wawili wa miaka 15 waliuawa, mmoja mwaka 1983, mwingine 1986. Manii yalikuwa ya mtu wa kundi A mwenye kimeng'enya fulani, na vitu hivyo viwili pamoja viliacha karibu mwanamume mmoja kati ya kumi. Kijana wa miaka 17 akakiri mauaji ya pili. Polisi wakamwendea Alec Jeffreys, aliyekuwa amegundua alama za vinasaba (DNA) mwaka 1984 katika chuo kikuu palepale Leicester, wakitaka athibitishe. Jibu lake likawa kwamba aliyewaua wote wawili ni mtu mmoja, na si huyu kijana. Kwa hiyo kazi ya kwanza kubwa ya vinasaba katika jinai ilikuwa kumtoa asiye na hatia. Ndipo wanaume zaidi ya 4,000 wa vijiji vile wakatoa damu au mate. Colin Pitchfork alimtuma mfanyakazi mwenzake akatoe badala yake, siri ikavuja kwenye mazungumzo ya baa, akakamatwa Septemba 1987.

Anayetaka ndiyo ya kweli, basi, aende kwenye vinasaba. Tanzania kazi hiyo ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kuna sheria yake ya mwaka 2009. Mtu haendi tu na mtoto mkononi kama anayekwenda kupima malaria, ombi linapitia kwa wanaoruhusiwa, kama mahakama au ustawi wa jamii. Wapo wanaolalamikia mlolongo huo. Mimi nauunga mkono, kwa sababu nimeona uso wa mtu anayepokea jibu la aina hii dirishani, amesimama, hana hata kiti.

Swali la pili ninaloulizwa sana ni la asili. "Nimetoka B, kwetu kuna Uhindi?" "Rh hasi si ya Wazungu?" Chanzo cha maswali haya ni cha zamani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Ludwik na Hanna Hirszfeld, mtu na mkewe, wote madaktari kutoka Poland, walijikuta Salonika, Ugiriki, kati ya majeshi yaliyotoka kila upande wa dunia. Wakapima damu za watu wapatao 8,000, na mwaka 1919 wakachapisha walichoona: A ni nyingi zaidi Ulaya, B huongezeka ukielekea Asia, na India inayo kwa wingi. Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kuhesabiwa kwa kilichomo ndani ya chembe zao badala ya rangi ya ngozi. Lakini waliopenda kugawa watu kwa mbari wakazichukua hesabu hizo wakafanya A kuwa damu bora na B kuwa ya chini. Mwaka 1941 Wanazi wakamfungia Hirszfeld mwenyewe, mzaliwa wa Kiyahudi, katika geto la Warsaw.

Hesabu za taifa haziingii ndani ya mtu mmoja. B ipo Afrika, ipo India, ipo Poland, na gorila wanayo. Sokwe wana A na O. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba A na B ni za kale kuliko binadamu, zimekuwapo angalau miaka milioni 20, kwa hiyo B yako haikuletwa na jahazi lolote. Na Rh hasi? Mzungu wa Rh hasi kwa kawaida hana jeni ya RHD kabisa, imefutika. Waafrika wengi wenye Rh hasi wanayo, ila imeharibika: kipande cha herufi 37 kimejirudia ndani yake. Kwenye kigae changu wote wawili wanabaki laini na wote naandika hasi, na kila mmoja amefika hapo kwa njia yake.

Sisi wa pwani tumebishana karne nyingi nani Mshirazi na nani si Mshirazi. Kundi la damu lisingetusaidia kamwe. Mwaka 2023 vinasaba vya mifupa ya watu 80 wa kale, kutoka miji kama Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara, vilisomwa: upande wa mama wengi ni Waafrika, upande wa baba wengi wana asili ya Uajemi, na mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000. Bibi zetu waliosimulia habari za wageni waliooa huku hawakuwa wakitunga.

Ila kuna jambo moja ambalo damu ya juu ya kigae inalikumbuka vizuri, nalo ni magonjwa. Mwaka 1949 kijana Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, alizunguka Kenya na msafara wa Oxford akikusanya damu. Alikwenda kutafuta makundi ya damu ya makabila. Akakuta kitu kikubwa zaidi: chembe zenye uwezo wa kugeuka mundu zilikuwa kwa zaidi ya watu 20 katika kila 100 huku pwani na kando ya Ziwa Victoria, na chini ya 1 kule nyanda za juu. Makabila hayakueleza tofauti ile. Mbu waliieleza. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayebeba nakala moja ya selimundu analindwa na malaria.

Na Kilifi, safari ya siku moja kutoka hapa nilipo, karibu mtu mmoja kati ya kumi ana alama ya damu iitwayo Dantu, ambayo kwingineko ni adimu sana. Mtoto mwenye nakala mbili za Dantu hatari yake ya malaria kali hupungua kwa asilimia 74. Mwaka 2020 watafiti wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome na wenzao wa Uingereza walionyesha sababu: utando wa chembe ya Dantu umekazika zaidi, kama ngoma iliyowambwa vizuri, na kimelea kikiukwaruza hakipenyi. Hata O, ile herufi iliyodondoka, ina faida yake. Chembe za O hazinatani kwa urahisi kuzunguka zile zilizoshikwa na malaria, na watoto wa O hupata malaria kali kwa uchache kuliko wenzao. Hili nililimwambia baba mdogo siku ile, kwamba chumba cha nne huenda ndicho kilichombeba binti yake katika zile homa za utotoni.

"Mama mdogo anajua umekuja?" nilimuuliza.

Alizikusanya kadi zake. "Hajui."

Sikusema zaidi, yeye ni baba. Lakini nilikasirika, na bado nimekasirika kidogo nikiandika haya. Miaka kumi na saba ya kupika, kuuguza na kuamka alfajiri, na alama moja ya duara kwenye fomu ilitosha kuiweka yote mizani. Alikunja ile karatasi yenye mraba akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, akaniaga vizuri.

Desemba mdogo wangu alirudi likizo. Nilikuwa kwao, akatoa bahasha ya vyeti kutafuta kitu cha shule, na ile karatasi ikaanguka.

"Dada, huu si mwandiko wako? Nani alikuwa anajifunza jenetiki humu ndani?"

"Baba yako aliniuliza jambo la damu."

"Si angeniuliza mimi," akasema. "Swali hilihili lilikuja mtihani wa mkoa. A na B wakazaa O." Akakihesabu kila chumba kwa kidole, akaridhika, akairudisha karatasi kwenye bahasha, kati ya cheti chake cha kuzaliwa na kadi ya kliniki ya mama yake.